Skrubu Mbili, Zizi Moja

Kijiwe chetu kinatazamana na geti la kinu cha pamba, Bariadi, njia ya kwenda Nkololo. Msimu huu wa mwaka tisini na sita, soko huria limetuletea tajiri mpya, na tajiri ametuletea mashine ya upepo. Leo inajaribiwa. Ikiweza kusukuma mbegu za pamba kwenye bomba toka kinuni hadi ghalani, sisi tunaozibeba kwa magunia hatuna kazi. Kwa hiyo tumejazana kwenye benchi la Kwandu muuza kahawa, tunaiombea ikwame. Masele, mkubwa wetu wabebaji, ndiye aliyeanza.

— Bolti, wewe fundi baiskeli, tena umechungulia. Ndani mna nini?

— Skrubu mbili nene, zimelala pamoja kwenye ganda moja la chuma. Zikizunguka, hewa inanaswa kwenye mifereji yake, inasukumwa mbele inabanwa, inatemwa upande wa pili.

— Mbili? Ganda moja? Basi imekufa hiyo! — Masele akapiga paja. — Fahali wawili hawakai zizi moja!

— Si fahali wawili. Fundi wao kasema moja dume, moja jike.

— Ndoa hiyo! — akadakia Jilala, tunayemwita Soko Huria kwa kusifia kila kitu kipya.

— Ila hazigusani, — Bolti akasema. — Kuna gia zinazitenga.

Kwandu akaacha kupepea jiko.

— Mke na mume hawagusani, watazaa nini?

— Upepo! — akajibu Jilala.

Mimi nilicheka kuliko wote, maana niliogopa kuliko wote.

— Na presha yake? — Masele akauliza.

— Ndogo. Hata tairi la lori haiwezi kulijaza.

— Mmesikia? Ndogo!

— Ndogo, ila hewa yenyewe nyingi, haikatiki.

— Haba na haba hujaza kibaba, mwanawane, — Masele akasema. — Methali haikutaja ghala!

— Huko mjini inapakua saruji kwenye malori, — Jilala akasema. — Inapuliza mapovu kwenye mabwawa ya maji machafu. Mwakani itapeleka mahari. Ng'ombe thelathini, puu! Hadi kwa mkwe, bila mchungaji.

— Mkwe atapokea pembe tupu, — akasema Masele, na kijiwe kizima kikaangua kicheko.

Hapo ndipo bomba lililopita juu ya geti lilipoanza kuchakacha kama mvua ya kwanza kwenye bati. Tukainua macho. Zilikuwa mbegu, na zilikuwa zinakwenda ghalani bila mgongo wa mtu.

Akaja mama mmoja, vumbi la safari miguuni, ngata mpya mkononi.

— Mwangaluka, — akatuamkia kwa Kisukuma.

— Mwangaluka, mayo.

— Naitwa Kabula, nimetoka Mwamanyili. Nimeambiwa hapa kuna kazi ya kubeba mbegu. Mkubwa wa wabebaji ni nani?

Tukamtazama Masele. Misimu sita amekuwa akilijibu swali hilo kabla halijaisha. Leo aliinamia kikombe chake, akakigeuzageuza, akamwambia Kwandu amwongezee. Kwandu akainamisha birika. Halikutoka hata tone.