Majani Yanayokula Sumu

Benchi la kahawa limeegemea ukuta wa kinyozi, likitazamana na kiwanja kilichozungushiwa waya. Zamani palikuwa karakana ya kuyeyusha betri za magari. Fundi Betri alifanya kazi pale mpaka ilipofungwa, na leo mjukuu wake hajaweza kutamka hata "babu," ilhali wenzake wanapiga domo mchana kutwa. Hospitali walisema ana risasi mwilini. Sasa wataalamu wamepanda majani ya porini pale kiwanjani, yale yale ya kandokando ya njia, na Fundi huyatazama kila asubuhi kama mtu anayengoja mgonjwa atolewe chumba cha upasuaji.

— Hivi risasi ziliingiaje humo ardhini? Kinyozi aliuliza. Palipiganwa vita?

— Vita gani! Ni madini ya betri, alijibu Fundi. Jina moja, vitu viwili. Wataalamu wamesema majani yanaila.

Profesa, ambaye shule aliiacha njiani lakini maneno hakuyaacha, alidakia:

— Basi yakishiba yatakuwa chuma. Tutaezekea nyumba.

— Na jambazi akipiga risasi? Kinyozi aliuliza.

— Inarudi kwake! Risasi na risasi ni ndugu. Damu nzito kuliko maji.

Walicheka. Fundi hakucheka.

— Mimi sitaki paa, alisema. Namtaka mtoto aseme.

Kinyozi alimwongezea kahawa bila kuulizwa.

Mpangaji mpya wa jirani, mama aliyebeba mtoto mgongoni, alikuwa amesimama akiwasikiliza.

— Samahani wazee wangu. Majani yakishaila hiyo sumu, sumu inakwenda wapi?

Mama alinyoosha kidole kuelekea kiwanjani.

— Nauliza kwa sababu kule nyuma waya umekatika, na majani yamefyekwa.

Fundi aliweka kikombe chini. Mfyekaji ni yeye. Aliyaona mabichi, teletele, akasema Mungu si Athumani. Kwake yeye, kilicholiwa kimekwisha. Tangu mvua zianze alikuwa akibeba mzigo kila jioni, akimpelekea mbuzi wa nyumbani, yule waliyemnunua ili mtoto apate maziwa.

— Fundi, vipi?

— Mbuzi, alisema, akainuka.

Saa hizi mkwewe, mama wa mtoto, humkamua, na kikombe cha kwanza huwa cha mtoto. Fundi alikimbia.