Inchi za Ardith Nowicki

Ijumaa hii, tarehe 30 Aprili 2021, saa kumi jioni, Ardith Nowicki anastaafu akiwa ametimiza miaka thelathini na minne na miezi sita kasoro siku tatu katika gereji ya idara ya barabara iliyoko Pellton, Kaunti ya Wexley. Hesabu hiyo ni yake. Mimi katika rasimu ya salamu hizi niliandika "miaka thelathini na mitano hivi", karatasi ikanirudia na hilo neno "hivi" limezungushiwa wino mwekundu.

Aliajiriwa tarehe 3 Novemba 1986 kupokea simu na kutuita madereva kwenye redio ya upepo. Hakuna aliyemwambia apime theluji. Lakini katika wiki yake ya kwanza aliagizwa kupeleka ufukweni malori matatu ya kusukuma theluji na kumwaga chumvi ya kuyeyusha barafu barabarani, na ufukweni hapakuwa na kitu zaidi ya unyevunyevu, huku kijijini Brannock, maili kumi na tano juu mlimani, watu wakitokea madirishani kwa sababu milango imezibwa. Theluji inayotoka Ziwa Ontario haina adabu. Inashuka kwa ukanda mwembamba, huyu anachimbua gari lake, jirani ng'ambo ya bonde anaanika nguo. Ardith alikereka. Akaamua kwamba hatakisia tena.

Akalaza chini ubao uliopakwa rangi nyeupe nyuma ya gereji, theluji iangukie juu yake ipimwe, akatafuta nyumba tisa kote katika kaunti zenye watu wasiochoka kuulizwa, na kila nyumba akaipa ubao wake na rula. Wafugaji wanne, mchungaji mmoja wa kanisa, waliobaki ni wastaafu waliokuwa wakitafuta la kufanya. Kanuni aliwafundisha yeye mwenyewe: unapima kila baada ya saa sita, unafagia ubao, unaurudisha juu ya theluji, unaingia ndani. Hufagii kabla ya saa sita kutimia. Mara nne kwa siku anawapigia simu, na kwa majibu yao anajua lori gani liende wapi.

Mimi naendesha lori namba saba, njia ya mlimani, tangu 1995. Kwa miaka yote hiyo sauti ya Ardith imekuwa ikinitangulia barabarani. "Roy, ukipita kanisa utaona jua, usidanganyike, punguza mwendo." Nilidanganyika mara moja tu. Walinivuta kutoka mtaroni kwa trekta, na tangu siku ile kila nikiingia ofisini kunywa kahawa ananiuliza kama jua limenisalimia.

Utani wake ni mwingi lakini una mpaka. Hatanii juu ya inchi. Mwaka fulani ofisa mmoja kutoka makao makuu alimwomba aongeze kidogo tarakimu za Februari ili bajeti ya chumvi ipite. Ardith alimkaribisha kiti, akamkatia pai ya tufaha, akamngoja amalize, kisha akamwambia, "Sasa rudi kwa salama, mwanangu. Barabara ni nzuri, nimeipima."

Niseme sasa habari ya mwaka 2004, maana asiyeijua hiyo hamjui Ardith.

Mwenye ubao wa Brannock alikuwa mumewe, Emil. Nyumba yao iko huko, hatua chache kutoka nyumba ya wageni ya Dale Hotchkin, ambaye pia ni nahodha wa wazima moto wa kujitolea. Januari ile ukanda wa theluji ulikaa juu ya Brannock siku nzima bila kusogea, na Ardith alikuwa zamu gerejini, hakuweza kupanda. Ulipopita, Emil akatoa jibu lake: inchi hamsini na nane kwa siku moja. Haijawahi kutokea katika kaunti yetu. Dale hakungoja. Kufikia Jumapili alikwisha kusimamisha bango kubwa barabarani lenye namba 58 nyekundu, na vyumba vyake vikajaa wenye pikipiki za theluji waliotaka kupigwa picha pembeni yake. Duka lilipata wateja, mkahawa ulipata wateja, na Emil akawa anapigwa mabegani kila aendako.

Ardith alipopanda nyumbani aliuliza swali moja: umefagia ubao mara ngapi?

"Kila saa!" Emil alisema kwa fahari. "Sikufumba jicho, mke wangu. Kila saa, kama saa ya ukutani."

Mtu wa kwetu anajua kosa liko wapi. Theluji mpya imejaa hewa. Ukiiacha saa sita inajilaza yenyewe, ukiifagia kila saa haipati nafasi ya kujilaza, na ukijumlisha vipande vyote unapata mlima ambao haukuanguka. Emil hakudanganya. Alipenda kazi kupita kiasi, basi. Angeweza kuachwa hivyo, na nani angejua? Ardith alikaa na daftari jikoni muda mrefu, halafu akapiga mstari juu ya 58 na kuandika pembeni, "Haikupimwa sawasawa." Hakuweka namba nyingine, kwa kuwa hakuwa nayo. Kwa hiyo dhoruba kubwa kuliko zote tulizoona haina inchi hata moja katika kumbukumbu zetu.

Bango lilishushwa. Dale alimfuata hadi gerejini, na sisi tuliokuwa tunafunga minyororo ya magurudumu tukasikia yote. "We Ardith, umeolewa na Emil au na rula? Kijiji kizima kimepata riziki kwa namba moja, wewe unakuja na kalamu!" Mkahawani wakaacha kumletea kahawa mpaka aombe mara mbili. Nyumbani ikawa wiki kadhaa anazungumza na mumewe habari za chumvi ya mezani tu. Niliwahi kumkuta anafuta macho kwa kitambaa cha kufutia vioo vya lori. Akaniambia ni vumbi. Tulikuwa Februari, vumbi litoke wapi? Nilimwonea huruma, na nakiri kwamba mimi pia nilidhani angeweza kunyamaza.

Julai tarehe 17, Jumamosi, wazima moto wa Brannock walifanya sherehe yao ya kila mwaka. Kuku wa kuchoma, keki za stroberi, na hema kubwa la turubai la kuchezea bingo, watu zaidi ya mia mbili ndani yake, wengi wazee. Utabiri wa redio ulisema mchana mzuri. Pellton kulikuwa na jua kali. Lakini Ardith, akiwa zamu, aliona upepo wa ziwani umeingia mapema na wingu moja juu ya mlima linapanda bila kupumzika. Akawapigia simu wafugaji wake wa magharibi. Wa kwanza akasema mvua ya mawe inavunja mahindi yake. Wa pili akasema amehesabu kutoka mwako wa radi hadi ngurumo, na hesabu inapungua.

Saa nane na dakika arobaini alimpigia Dale. Nilikuwa nimesimama mlangoni. "Dale, una dakika ishirini na tano. Watoe watu wote kwenye hema." Akakata simu. Hakusema kwamba anayesoma namba za bingo mle ndani ni Emil.

Yaliyofuata nimesimuliwa na waliokuwepo. Juu ya hema mbingu ilikuwa bado nyeupe. Vijana wa kikosi wakaanza kunung'unika: huyo mama hatutakii mema, alituharibia msimu wa baridi, sasa anataka kutuharibia na wa joto. Dale akawageukia.

"Huyu mwanamke alimfutia mumewe mwenyewe inchi hamsini na nane," alisema. "Mnadhani mimi ataniongezea wingu?"

Akapiga king'ora. Wazee walilalamika, wengine waliondoka na kadi zao za bingo mkononi wakitaka mchezo uhesabiwe, lakini waliondoka, wote, hadi kwenye jengo la wazima moto na kwenye magari. Dakika ya ishirini na mbili radi ilipiga nguzo ya katikati. Turubai likashika moto na viti vikatupwa hadi barabarani. Ndani hapakuwa na mtu.

Emil alishuka Pellton jioni ile akiwa bado amelowa. Aliingia ofisini, akamkumbatia mkewe mbele yetu, akasema, "Ulifanya vizuri kuifuta." Ardith alilia, na safari hii hakusingizia vumbi.

Dada Ardith, kwa niaba ya madereva wote, mafundi, nyumba tisa zenye ubao, na watu wa Brannock walioomba hasa watajwe hapa, tunakushukuru. Umetufundisha kwamba mtu anaweza kuaminiwa na waliomkasirikia. Tunakuombea wewe na Emil afya, asubuhi ndefu kitandani, na madirisha mapana. Theluji ikianguka tena usiku kucha, na jirani akakuuliza imeanguka kiasi gani, tunakuruhusu rasmi, kwa mara ya kwanza katika maisha yako, ujibu: nyingi.

Roy Tibbets, lori namba saba