Moshi wa Oloirien Ndani ya Asali

Wapendwa, mnaonijua mnajua kwamba nikipewa kipaza sauti siharakishi kukirudisha, kwa hiyo kaeni vizuri.

Mimi ni binti wa mkulima wa Qurus, hapa hapa Karatu. Diploma yangu ya mambo ya vyakula niliipata Ulaya kwa kuosha vyombo hotelini. Hakuna aliyenichangia hata nauli. Niliporudi nikawa mkuu wa vibali na viwango katika kampuni inayouza asali na nta nje ya nchi. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha kila pipa linakubalika na sheria za huku na za kule. Na pipa nililolisaini mimi lilikuwa halijawahi kurudishwa. Hilo nalisema mbele ya madhabahu bila aibu.

Ndugu zangu, nawaambia, likarudishwa. Shehena nzima ilikataliwa huko ilikokwenda, eti ina harufu ya kuungua. Ofisini wakasema akina mama wa Kimaasai wa Nainokanoka, kule milimani Ngorongoro, wanaotuuzia asali hiyo, wanafukuza nyuki kwa moshi wa matairi. Mkurugenzi akanisimamisha kazi: nisipoonyesha harufu imetoka wapi, kikundi cha wale mama kinafutwa, na mimi nisirudi. Hapa Karatu wakanibatiza jina, Mama Ulaya Imekwisha. Mnacheka? Wengine waliolianzisha wamekaa humu humu. Nikaacha hata kuja ibadani.

Basi nikapanda Nainokanoka. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka ng'ombe wanasikika kengele tu, hawaonekani. Mama mwenyekiti wa kikundi hakuniuliza kitu. Alinikalisha karibu na moto, akanifunika shuka, nami kwa uchovu na baridi nikasinzia.

Nikaota niko tena Ulaya, nasugua vyombo vya kioo, na kadiri ninavyosugua ndivyo moshi unavyotoka ndani yake, mweupe, taratibu, mpaka ukajaa chumba kizima. Wala sikuogopa. Ulinukia kama nyumbani kwa mtu anayenisubiri.

Nikafumbua macho. Ndoto imeondoka, harufu imebaki. Yule mama alikuwa ameshika kibuyu, anazungusha ndani yake kijinga cha oloirien, mzeituni wa mwituni, kama Wamaasai wanavyosafisha vibuyu vya maziwa.

"Yeyo, mama yangu, hicho cha maziwa?" nikamuuliza.

"Cha asali yako," akasema. "Si uliagiza vyombo viwe safi kabisa? Chombo cha mgeni hatukioshi kwa maji tu."

Nikakipokea kile kibuyu, nikakinusa.

Hapakuwa na tairi. Ilikuwa heshima, na ilikuwa imesafiri mpaka Ulaya, wakaiita kuungua. Mkurugenzi akataka tuwape wale mama ndoo na maji ya moto, yaishe. Ndoo niliwapa, kwa wanunuzi wanaotaka asali isiyo na harufu. Lakini ile ya moshi nilikataa kuizika. Niliipeleka kupimwa, ikaonekana salama, nikaiombea kibali kwa jina lake lenyewe. Ofisa mmoja wa Dar akanirudishia faili. "Dada, asali ya namna hii haina kundi kwetu."

"Kundi huanza na mtu wa kwanza kuomba," nikamwambia, nikakaa.

Nilikaa kwenye benchi lile mpaka mlinzi akawa ananisalimia shemeji. Kibali kikatoka. Leo asali ile inauzwa ikiwa na jina la moshi wake, wale mama wanaendelea kuuza, na mimi nimerudi kwenye kiti changu, cha ofisini na hiki cha hapa.

Namshukuru Mungu. Namshukuru yule mama aliyenifunika kabla ya kuniuliza nimefuata nini, na ninyi mliokuwa mkiniachia nafasi kwenye benchi la hapa kanisani hata nilipokuwa siji. Funzo langu ni dogo: kabla hujaiondoa harufu, uliza nani ameiweka, na kwa ajili ya nani.

Kibuyu chenyewe hiki hapa. Kipitisheni nyuma, kila mtu anuse. Mtakavyosikia ndivyo nilivyopokelewa.