Glavu ya Pavia

Benchi la nje ya duka la samaki pale bandarini lina wenyewe, na asubuhi hiyo wenyewe walikuwa watatu na chupa moja ya kahawa. Pavia, mwenye mbwa kumi na mmoja, alikaa pembeni, mkono wa kulia ndani ya glavu ya ngozi ya sili. Juzi mbweha mweupe alimjia mchana kweupe, mate yanamtoka, haogopi mtu, akamrukia na kumng'ata Naaja, mbwa jike anayeongoza wenzake kuvuta sleji juu ya theluji. Pavia alimnyofoa mbweha kwa mikono mitupu, akang'atwa kidole, ndipo akamuua. Siku ya chanjo ya mbwa alikuwa nao barafuni anawinda sili, na amri ya mji inajulikana: mbwa asiye na chanjo akiumwa na mbweha kichaa, ni risasi. Kwa hiyo zahanati hakwenda. Kuonyesha kidole ni kumtoa Naaja, na hilo Pavia hakuwa tayari kulifanya.

— Nasikia umeua mbweha, alisema Redio, ambaye habari humfikia kabla hazijatokea.

— Nimemuua. Mbwa hakuwafikia.

— Ni mnara wa simu huo, alisema Profesa, aliyewahi kufagia chuo kimoja huko Nuuk, mji mkuu. — Unawapigia kelele vichwani.

— Acha fiksi, alisema Redio. — Kichaa kilikuwepo babu yangu hajaota ndevu. Simu alikuwa anampigia nani? Tatizo ni watalii na chokoleti zao. Mbweha akizoea, akikosa, anavurugwa. Hata mke wangu.

— Wapi bwana, alisema Profesa. — Wanavuka barafu kutoka Kanada. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Hapo nani kapona?

— Methali haiulizwi maswali.

— Na dawa yake? aliuliza Pavia, kama anayetania.

— Dawa ya moto ni moto, alisema Redio. — Akikung'ata, na wewe mng'ate.

— Si keshakufa?

— Mng'ate hivyo hivyo. Hana pa kwenda.

Pavia alicheka nao, huku kidole kikimpwita ndani ya glavu. Aliogopa, na alijichukia kwa kuogopa.

Inaluk, muuguzi aliyeshuka na helikopta wiki iliyopita, alikuja akaketi bila kukaribishwa.

— Kahawa ipo?

— Imebaki nusu kikombe, binti.

Alikinywa chote, akiutazama ule mkono.

— Jua lote hili, mzee Pavia, glavu ya nini?

— Baridi haina kalenda, alidakia Profesa.

— Sijakuuliza wewe.

— Mbwa wangu hapigwi risasi, alisema Pavia. — Mama yake alizama kwenye ufa wa barafu, nikamlea kwa chupa. Leteni polisi, leteni na waliosaini hiyo amri.

— Mimi mbwa sijamtaja.

Aliweka kikombe juu ya benchi.

— Nina swali dogo tu, alisema Inaluk. — Ukifa wewe, nani atawalisha hao kumi na mmoja?

Redio aligeukia baharini. Profesa aliiinamisha chupa ya kahawa, haikutoka kitu. Wote walijua. Mbwa wa marehemu hawarithiwi pale. Jeneza likipigwa misumari, wao hupangwa mstari na kupigwa risasi, wa kwanza akiwa kiongozi.

Pavia aliivua glavu kwa meno. Kidole kilikuwa kimevimba, matundu mawili yanaonekana wazi.

— Nidunge. Lakini nisikilize, binti. Naaja leo namvusha kwenye kisiwa tunakowawekaga mbwa kiangazi, peke yake, na mnyororo. Chakula nitamrushia nikiwa kwenye boti. Theluji ya kwanza ikimkuta mzima, anarudi mbele ya sleji. Akigeuka kichaa, bunduki nashika mimi mwenyewe.

— Itabidi niandike, mzee.

— Andika. Jina langu weka kwa herufi kubwa. Anayetaka kumuua, aje na boti yake, na mimi atanikuta hukohuko.

Aliinuka akatangulia njia ya zahanati, mkono wazi, glavu ameiacha juu ya benchi.