Gauni Lililochorwa na Simu

Benchi letu la Igoma liko barazani kwangu, mbele ya cherehani, kwa hiyo maneno yake nayasikia nitake nisitake. Asubuhi hiyo Kivuko na Rada, majina ya utani hayo, walikuwa kwenye kikombe cha pili cha kahawa. Kivuko alikuwa akikata tiketi za kivuko Busisi mpaka daraja lilipokamilika. Rada anachomelea mageti na hakuna asilolijua. Mimi nilikuwa na mkasi, na mezani kitenge cha Hellen wa Sengerema, cha send-off yake ya Jumamosi, ya kuagwa kabla ya harusi. Kitenge hicho hakipatikani tena mjini. Binti yangu Precious aliiambia akili mnemba kwenye simu ichore gauni, ikachora dada aliyelivaa, mbele na nyuma. Hellen akapenda, akasema nisiongeze wala nisipunguze kitu.

— Cheki lilivyombana! alisema Rada, ameshika simu yangu. Shingo juu, chini kama mkia wa sangara. Mama Precious, ufundi wako kwisha.

— Na atakayekata nani?

— Mwakani unailisha kitambaa, inatema gauni.

— Msicheke, alisema Kivuko. Mimi nilicheka daraja likiwa nguzo tatu.

— Pole, mzee.

— Wahenga walisema kibaya chajitembeza. Simu si inatembea?

— Inatembezwa, mzee.

— Ndiyo hiyohiyo. Kila ukijipiga picha, inachukua kiuno chako inaweka akiba.

— Chako ikiweke cha nini? Sikia, kesho kutwa bibi harusi anabaki nyumbani, picha inakwenda ukumbini kupokea zawadi.

— Na pilau?

— Pilau tunakula sisi.

Nami nilitaka kujua kama litakaa kama pichani. Nimeshona miaka kumi na tisa, sijaona nguo iliyokaa mwilini bila mkunjo hata mmoja. Nilishapiga chaki. Nikafungua mkasi.

Akaja mama mmoja mgeni, na begi lililoharibika zipu.

— Shikamoo mzee.

— Marahaba, mwanangu.

— Dada, naomba unibadilishie zipu.

— Subiri kidogo, nakata hili.

Akaichungulia simu mkononi mwa Rada.

— Zuri. Sasa huyu dada kaingilia wapi?

Rada akaikuza picha. Mbele. Nyuma. Hakuna zipu, hakuna kifungo, na shingo haipitishi hata ngumi.

— Labda... alianza Rada.

 

Nilikuwa nimepima kifua, kiuno na nyonga. Pa kuingilia sikuwa nimepima. Nikafunga mkasi, nikafuta chaki kwa kiganja.

— Lete begi lako, nikamwambia yule mama. Tuanze na wewe.