Dafroza Luhende na Uji wa Wagonjwa wa Ini

Tarehe 30 Juni 1996 Muuguzi Dafroza Luhende anastaafu, baada ya kukitumikia kituo chetu cha afya hapa Musoma kwa miaka thelathini na mmoja. Katika muda huo aliugua mara mbili, na mara zote mbili alirudi kazini kabla siku za mapumziko hazijaisha.

Ni mtoto wa wakulima wa pamba wa Bunda. Alianza kama mhudumu wa wodi, akasomea uuguzi, na mwaka 1978 akakabidhiwa wodi ya wanaume. Kila anapoingia humo huuliza, "Umekula nini?" Mkaguzi wa mkoa naye aliwahi kuulizwa, akajibu haraka kwamba amekula sato.

Swali hilo lina sababu. Huku kwetu mtu mwenye macho ya njano hunyimwa chakula, akapewa maji ya mizizi michungu tu, eti nyongo ikauke. Dafroza mwenyewe, akiwa msichana, alimchemshia kaka yake Mayala mizizi hiyo siku nne, hadi akafariki. Darasani ndipo alipojua kwamba ini ni ghala la sukari ya mwili. Kati ya mlo na mlo huitoa kidogo kidogo ili ubongo ufanye kazi. Virusi vikilishambulia sana, ghala hushindwa kuweka na kutoa, na mwili huanza kula misuli yake. Mgonjwa wa namna hiyo akinyimwa chakula, sukari yake inaweza kuporomoka.

Jumapili tarehe 11 Machi 1984 tuliliona hilo kwa macho. Mwalimu Silasi Masatu wa Murangi alikuwa amelazwa usiku wa kuamkia siku hiyo, macho ya njano, hajala siku tatu huko kwao. Saa mbili asubuhi alianza kupiga kelele, jasho likimtoka, hamtambui mkewe Miriamu. Sisi tulidhani malaria imepanda kichwani. Ndugu zake walisema amerukwa na akili, wakatoa kamba wamfunge na kumpeleka kwa mganga wa kienyeji Butiama.

Dafroza alisimama mlangoni. "Jamani, kamba haikimbii. Niacheni nimpime."

Karatasi za kupimia sukari ya damu zilikuwa adimu, tukizikata mbilimbili kwa wembe. Nusu aliyotumia karibu haikubadilika rangi, yaani sukari ilikuwa imeshuka mno. Stoo haikuwa na dripu ya glukosi, na madukani sukari haikuonekana tangu Krismasi. Akaingia chumba cha chai, akachukua mgao wote wa sukari ya wafanyakazi, akaukoroga kwenye maji yaliyochemshwa na kumpitishia mgonjwa kwa mpira wa puani. Nusu saa haikupita, Mwalimu akaitazama kamba na kufoka, "Ng'ombe gani mnamfunga humu wodini?" Miriamu alicheka huku analia. Sisi tulikunywa chai bila sukari hadi Aprili, na Dafroza hakutuomba radhi.

Tangu hapo kila mgonjwa wa ini alipewa uji kabla ya kulala na mara aamkapo. Alikwenda kwa baiskeli hadi Kiriba na Bunda kuwaeleza akina mama. Wengine walimwambia anataka kuua watu. Aliwasimulia habari za Mayala bila kujificha. Hakuwaokoa wote, maana ini likiharibika kabisa uji hautoshi. Lakini mwaka jana, kati ya wagonjwa kumi na tisa wenye macho ya njano, kumi na saba walikuwa wamelishwa nyumbani.

Maduka ya Iringo hapa mjini yalipojaa sukari tena na dripu zikapatikana, baadhi yetu tulitaka kuuacha uji. Haukuandikwa popote, ulisimama kwa amri ya mdomo wake, naye anaondoka. Alipoulizwa anataka zawadi gani, alisema hataki saa wala kitenge. Anataka uji uandikwe kwenye kanuni za wodi. Uongozi ulitia sahihi tarehe 14 Juni, na yeye akasoma karatasi yote kabla ya kuirudisha.

Dada Dafroza, asante kwa kazi uliyoifanya. Nenda Bunda ukapumzike kwa afya na amani. Uji tutaupika.