Chuma cha Plau na Mto Momba

Ndugu zangu, amani ya Mungu iwe kwenu. Baadhi yenu mnanikumbuka nikiwa mpiga ngoma wa jumbe huko Kamsamba, na mnajua nilivyokuwa najidai. Simba akionekana, nzige wakitoka Rukwa, mto Momba ukifurika, watu walisubiri mkono wangu. Kila hatari ilikuwa na mlio wake, na hata watoto walijua wakimbilie wapi.

Mwaka ule alifariki mzee mmoja, rafiki yangu. Mnaijua desturi yetu: ngoma hailii mpaka matanga yaanuliwe. Siku ya pili ya msiba, asubuhi, nikauona mto umekuwa mwekundu, unabeba magogo. Nikaishika ngoma, nikaiweka. Nilimwonea haya mjane wa marehemu. Nikakimbia nyumba hadi nyumba kuita kwa mdomo, na ndugu zangu, nawaambia, mdomo wangu haukufika mbali. Watu walipona juu ya miti. Ng'ombe walikwenda na maji, wa yule mjane wote.

Nikarudisha ngoma kwa jumbe, nikawa mtu wa pombe. Nikimwona yule mama njiani, najificha kwenye mtama.

Siku moja akanifuata huko huko penye pombe, kaniki ya msiba bado mwilini. Nilijua amekuja kunitukana.

"Shemeji," akasema, "aliyekufa alikuwa mmoja. Sisi wengine tulikuwa hai. Ungepiga."

Nililia mbele ya walevi wenzangu. Hakuniacha nilie sana. Alinibebesha plau ya marehemu, maana ng'ombe wa kuivuta hawakuwapo tena, tukatundika chuma chake mwinukoni kwake, kipigwe hatari ikija. Akawaeleza wazee kwamba chuma si ngoma, hakifungwi na msiba. Waliguna, wakakubali. Yule mama ana akili kutushinda sote, na sioni aibu kulisema hapa kanisani.

Masika yaliyopita mto ukaja tena. Safari hii mfiwa nilikuwa mimi. Mama yangu mzazi tulimzika jana yake. Hakuna aliyethubutu kugusa kile chuma. Wote walinitazama tu, kama mimi nilivyomtazama mjane. Yeye akanitilia nyundo mkononi.

Nikapiga. Nikapiga huku nalia, na watu wakaswaga ng'ombe wao mpaka wa mwisho akapanda mwinukoni.

Shemeji, umekaa hapo nyuma unainamisha uso, asante. Nanyi wengine, hatari ikija, msimwonee haya mfiwa. Mimi nilikuwa mfiwa, na sikutaka kuzika mwingine.